Mfalme Aliyeachwa Mlimani

Hapo zamani, milima ya Umatengo ilipokuwa bado na msitu mpaka mabegani, palikuwa na kijiji kikiitwa Lipembati. Kilikaa juu kabisa, huko ambako ukungu huingia ndani bila kupiga hodi, na nguo ukiifua Jumatatu unaianua Alhamisi. Chini yake ulipita mto, na juu ya mto palikuwa na daraja la miti. Daraja moja tu. Lishikeni hilo.

Kijiji hicho kilikuwa na kanisa dogo la matofali mabichi. Padri hakukaa pale. Alikaa parokiani, mwendo wa siku mbili, na alikuja mara moja kwa mwezi juu ya nyumbu wake. Siku nyingine zote kanisa liliangaliwa na katekista, Bonaventura Nchimbi, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Mwalimu.

Mwaka mmoja, mwezi wa Novemba, Padri Gotfridi alikuja akafanya jambo ambalo Lipembati haikuwahi kuliona. Aliwaachia Ekaristi, mkate uliogeuzwa Mwili wa Kristo. Aliiweka ndani ya tabernakulo, kisanduku cha mninga ambacho mtu angeweza kukipakata kama mtoto, akakifunga, ufunguo akampa Mwalimu. Kando yake akawasha taa ndogo ya kioo chekundu.

"Kila mwaka mnaimba kwamba Kristo ni Mfalme," aliwaambia. "Haya, mwaka huu Mfalme anakaa kwenu. Taa hii ikiwaka, jueni Mwenyewe yumo. Msimwache peke yake. Nitarudi Jumapili ya Kristo Mfalme, tutaandamana naye kijiji kizima."

Watu walipiga vigelegele. Padri akapanda nyumbu wake, akaenda.

Sasa, pale kijijini palikuwa na mjane, jina lake Kunegunda. Mumewe alikufa miaka sita nyuma. Binti yake wa pekee, Osmunda, alikuwa ameolewa upande wa pili wa kijiji na alikuwa na mimba kubwa. Kunegunda aliishi peke yake katika nyumba ya mwisho kabisa, pale mlima unapoanza kuteremka kwa hasira. Hakuwa mtu wa kuchukiwa na mtu. Ila hakuwa mtu wa kukumbukwa pia. Akiwapo kwenye kikao, hakuna aliyesema yupo. Asipokuwapo, hakuna aliyeuliza yuko wapi.

Tangu siku ile taa iwashwe, Kunegunda alikuwa na kazi. Kila alasiri aliacha jembe, akanawa miguu, akaingia kanisani, akakaa benchi la nyuma. Hakuwa na maombi makubwa. Alikuwa akikaa tu, kama mtu aliyekwenda kumwangalia mgonjwa au mgeni.

Jumanne ya wiki ileile, mlima ulipasuka.

Mvua ilikuwa imenyesha siku nne bila kupumua. Asubuhi watu walikuta ufa mkubwa juu ya mashamba, mkono unaingia mpaka begani. Mchana ufa ulikuwa umekwisha kuwa mtaro. Wazee wakasema, tuhame. Tuvuke mto sasa hivi, twende ng'ambo, kabla mlima haujashuka nasi. Kila mtu akashika alichoweza kushika. Huyu mbuzi, yule mtungi, huyu mtoto mgongoni na mwingine kifuani. Mwalimu Bonaventura alisimama darajani na karatasi yake, anaita majina ya wenye nyumba mmoja mmoja. "Komba! Ndunguru wa juu! Kapinga! Hyera!" Kila aliyeitwa aliitika kwa ajili ya nyumba yake nzima.

Mume wa Kunegunda alikuwa ameandikwa katika karatasi ile. Alipokufa, Mwalimu alilikata jina lake kwa mstari. Hakuandika lingine mahali pake.

Na Kunegunda alikuwa wapi saa ile? Alikuwa kanisani, benchi la nyuma, macho yamefumba. Mvua ilikuwa ikipiga bati kiasi kwamba hata mtu angemwita sikioni asingesikia.

Mwalimu alipomaliza kuita, moyo ulimkumbusha. Tabernakulo! Akakimbia kurudi juu, ufunguo umening'inia shingoni. Alikuwa amefika nusu ya njia aliposikia sauti ikitoka katika kibanda kimoja.

"We Mwalimu! Ndiyo mmeniacha nife?"

Alikuwa Mzee Kahamba, mtu aliyepooza miguu yote miwili. Huyu hakuwa hata na ubatizo. Miaka yote alimcheka Mwalimu na kengele yake. Mpwa wake aliyekuwa akimtunza alikimbia na kumsahau. Mwalimu akasimama. Akatazama juu lilipo kanisa. Akamtazama mzee. Chini, daraja lilikuwa limeanza kulia.

Akamweka mzee mgongoni, akateremka naye. Walipofika ng'ambo, kabla hajamshusha chini, mto ulilichukua daraja.

Mwalimu akapiga magoti katika matope, akashika ufunguo wake kwa mikono miwili, akalia kama mtoto.

Kunegunda alipotoka kanisani, jua lilikuwa linazama na mvua imepungua. Alishangaa kutosikia sauti. Hakuna mtoto anayelia, hakuna mchi kinuni. Akapita nyumba ya kwanza, mlango wazi. Ya pili, mlango wazi. Akapiga hodi ya tatu, ndani akatoka kuku mmoja mweupe akamtazama. Akakimbia mpaka ukingoni. Akaona nguzo mbili za daraja zimesimama hazina kitu. Ng'ambo, mbali, akaona moshi wa mioto mingi.

Alitaka kuita, lakini sauti yake ingemezwa na mto. Akageuka ili aende nyumbani kwake, na hapo ndipo alipoona kwamba hana nyumba. Kipande chote kile cha mlima kilikuwa kimeshuka. Mgomba wake mmoja ulibaki umeinama ukingoni, majani chini.

Kunegunda alikaa juu ya jiwe. Hakulia. Alikuwa akijiuliza swali moja tu: ni nani aliyeniulizia?

Asubuhi akakumbuka kengele. Kanisa lilikuwa na kengele yake, kipande cha chuma cha gurudumu kilichoning'inizwa mlangoni. Akichukua jiwe akakigonga, ng'ambo wangesikia. Wangejua yu hai. Akachukua jiwe. Akainua mkono.

Akamwona mkwewe. Alimwona kwa macho ya moyo, mume wa Osmunda, kijana mwenye haraka ya kila kitu, akisikia kengele, akivua shati, akijitupa katika maji yale mekundu. Akamwona Mwalimu akimfuata. Akawaona wanaume watatu wanne, mmoja baada ya mwingine, vichwa vyao vinaonekana, kisha havionekani.

Akateremsha mkono. Akaliweka jiwe chini taratibu, kana kwamba hata jiwe likianguka wangesikia.

Halafu akaingia kanisani. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Akapiga goti, akasema, "Bwana, wamekuacha. Na mimi wameniacha. Basi tukae."

Hivyo ndivyo walivyokaa.

Siku ya kwanza alisali rozari zote alizozijua. Siku ya pili aliimba nyimbo zote, za Majilio na za Pasaka, za harusi na za maziko. Siku ya tatu alisema litania ya watakatifu, na alipowamaliza watakatifu aliwaongeza marehemu wa ukoo wake. Siku ya nne maneno yaliisha. Aliyatafuta asiyapate. Akafungua mdomo, ukafunguka tu.

Kwanza aliogopa. Alimzoea yule kuku mweupe, akawa anamsimulia mambo, mpaka siku moja akajikuta anamgombeza kuku kwa kutojibu. Akaona aibu, akanyamaza. Tangu hapo hakusema tena, si kwa kuku wala kwa Mungu. Alikaa. Aliitazama taa, na taa ikamtazama.

Chakula hakikuwa shida kubwa. Mashamba ya upande wa juu yalikuwa na viazi na maboga. Shida ilikuwa mafuta. Taa inakunywa, na chupa aliyoiacha Padri ilikuwa imebaki kidole kimoja. Basi kila asubuhi Kunegunda alikwenda nyumba kwa nyumba kutafuta vibatari. Katika kila mlango alipiga hodi. Akangoja, kama inavyopasa. Kisha akaingia, akamimina mafuta ya kibatari katika chupa yake, matone kumi, matone ishirini. Alipotoka alirudisha mlango. Nyumbani kwa Osmunda aliona kitanda kidogo cha kamba, kipya, kilichotengenezewa mtoto ambaye bado hajazaliwa. Alikaa sakafuni karibu nacho kwa muda mrefu. Alikishika mguu mmoja, kama mtu anavyoshika mkono wa mtu.

Jumapili ya Kristo Mfalme ilifika. Padri hakuja, angepita wapi? Kunegunda aliamka, akachuma maua ya porini, akaingia kanisani. Mabenchi yote matupu, ya wanaume kulia, ya wanawake kushoto. Akafikiri: Mfalme gani huyu, siku ya sikukuu yake, watu wake wote ni kikongwe mmoja?

Akafanya jambo la ajabu kidogo. Alikwenda akakaa mahali pa Komba, akamwombea Komba, kimya. Akahamia mahali pa Kapinga, akamwombea Kapinga. Akakaa mahali pa Osmunda, akakaa sana. Akakaa mahali pa Mwalimu. Mabenchi yakaisha. Akakumbuka mmoja aliyebaki, akatoka nje.

Huyo alikuwa Ksaveri Turuka, mpasua mbao. Ksaveri alikuwa na wake wawili, na kwa sababu hiyo hakuruhusiwa kukaribia meza ya Bwana. Wengine wenye hali kama yake waliacha kuja. Ksaveri hakuacha. Kila Jumapili alikuja na kigoda chake akakaa nje, nyuma ya ukuta, mvua au jua. Kunegunda akachuchumaa pale. Akaona, kwa mara ya kwanza, kwamba ukuta ulikuwa na ufa mwembamba, na ukiweka jicho pale unaona taa nyekundu, na huoni kingine chochote. Alimwombea Ksaveri, bila neno hata moja. Akalia, siku ile ndiyo aliyolia.

Baada ya sikukuu zikaja siku mbaya. Mlima ulikuwa ukinguruma kama tumbo lenye njaa. Kunegunda akashikwa na homa. Na katika homa hiyo, alasiri moja, wazo lilimwingia kama nyoka chini ya mlango: *Je, kama hayumo? Je, kama umekaa siku zote hizi na kisanduku cha mninga?*

Hakuwa na jibu. Mwalimu angekuwa na jibu, alisoma. Yeye alikuwa na benchi la nyuma tu. Alilitazama wazo hilo, hakulifukuza, hakulikaribisha. Akajivuta akaijaza taa mafuta. Akarudi akakaa. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa imani yake siku ile, hakuwa na nyingine.

Turudi ng'ambo kidogo.

Kule ng'ambo, siku ya tatu waligundua kwamba Kunegunda hayupo, maana kila mmoja, hata Osmunda, alidhani yuko kibanda cha mwingine. Walipotazama mahali ilipokuwa nyumba yake, waliona udongo mwekundu mtupu. Wakasema, amezikwa na nyumba yake. Osmunda alinyoa nywele, akakaa matanga katika kibanda cha majani kinachovuja. Uchungu ukamshika palepale matangani. Alizaa mtoto wa kike, akampa jina la mama yake, Kunegunda, kama tunavyowapa watoto majina ya marehemu wetu. Mwalimu naye, kila siku toka asubuhi, alisimama ukingoni uso umeelekea kanisa lisiloonekana kwa ukungu. Alisali kimya. Hakutia kitu mdomoni mpaka jua lizame. Alikonda akawa kama fito.

Ksaveri Turuka hakusali ukingoni. Siku ya kumi na nne alichukua shoka, kamba na kisu. Wake zake wakamuuliza, "Unakwenda wapi na sisi tunalala kwenye matope?" Alipanda kando ya mto kuelekea msituni, siku tatu, mpaka mahali ambapo mto ni mwembamba na miti ni mirefu. Akachagua mti mmoja. Mpasua mbao mwenye wenzake anaangusha mti wa namna ile kwa siku moja. Yeye alikuwa peke yake, na mvua, na shoka lililokuwa likiteleza mkononi. Siku tatu nzima alikata. Mti ukaanguka, kichwa ukakiweka ng'ambo. Akavuka kwa tumbo, kama kenge, akateremka siku tatu nyingine mpaka Lipembati.

Alifika mchana. Kijiji kimya. Akasimama mlangoni pa kanisa, ambamo miaka kumi na moja hakutia mguu. Akavua kofia. Kwa kuwa ni desturi, na kwa kuwa hakujua aseme nini kingine, akasema kwa sauti ndogo, akiwaambia wale waliokuwa hawapo:

"Tumsifu Yesu Kristo."

Na sauti ikajibu kutoka gizani, kavu kama ganda la hindi:

"Milele na milele. Amina."

Ksaveri alianguka chini. Alidhani ni Mwenyewe amemjibu. Alipothubutu kuinua kichwa, aliona kitu kama tita la kuni juu ya benchi la nyuma, kina macho mawili.

"Mama Osmunda? Wewe si ulikufa?"

"Nani amesema?"

"Wote tumesema. Tumekuzika kwa maneno." Akamkaribia, akamgusa paji la uso, akauondoa mkono haraka. "Unaungua, mama. Twende. Mlima huu hautakaa siku nyingi."

"Umekuja kunifuata mimi, baba?"

Ksaveri aliinamisha kichwa. Angeweza kusema ndiyo, lakini hakuzoea kusema uongo ndani ya kanisa. "Hapana, mama. Sikujua upo. Nimemfuata Yeye. Nilishindwa kulala, kila nikifikiri amebaki peke yake."

Kunegunda akatabasamu, mara ya kwanza kwa siku ishirini na tatu. "Basi mchukue Yeye. Mimi niache."

"Mimi?" Ksaveri akarudi nyuma hatua mbili. "Mimi siruhusiwi hata kukipokea kipande, nitambebaje Mwenyewe?"

"Na mimi siwezi kutembea."

Wakatazamana. Juu yao mlima ukanguruma, vumbi likadondoka toka kwenye dari. Ksaveri akapiga goti mbele ya yule mama, mgongo umemgeukia.

"Wewe mbebe Yeye," akasema. "Mimi nikubebe wewe."

Kunegunda alivua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga kisanduku ili mikono yake isikiguse, akakikumbatia kifuani. Akazima taa mwenyewe, kwa pumzi. Ksaveri akamfunga mgongoni kwa kamba, wakatoka. Siku tatu msituni. Hawakuzungumza. Yule mama alikuwa anatetemeka kwa homa, na kila mara Ksaveri alisikia mgongoni kwake pembe ya kile kisanduku, ikimchoma pale chini ya bega. Hakusogea hata kidogo ili kuikwepa. Walipofika kwenye gogo, alilivuka kwa magoti, maji yakipiga chini yake.

Siku waliyoingia kambini, siku tatu baada ya gogo, watu walikimbia kwa hofu, kisha wakarudi kwa furaha, naye akawasimulia yote, hata habari ya jiwe na kengele. Siku mbili baadaye mlima wa Lipembati ulishuka wote, na kanisa, na chuma chake cha gurudumu, na mabenchi.

Padri Gotfridi alipata njia ya kuzunguka, akafika. Mwalimu akafungua kisanduku kwa ufunguo wake. Vilivyowekwa mle vilikuwa salama. Watu wakapiga magoti palepale kwenye tope.

Padri akasema, "Sikukuu ya Mfalme haikufanyika. Tutaifanya sasa." Wakajenga kanisa la fito na majani katika wiki moja. Siku ya maandamano ikafika. Padri akasimama mbele ya mlango uliofungwa, Mfalme mikononi mwake, umati nyuma.

"Lazima mmoja wenu atangulie," alisema. "Amfungulie Mfalme mlango, aingie mbele yake. Awe yule aliyemheshimu kuliko wengine. Ni nani?"

"Mama Kunegunda!" watu wakapiga kelele. "Siku ishirini na tatu alikaa naye! Aliinyima kengele mkono wake ili watu wasife!"

Hapo Osmunda akatoka mbele, mtoto mgongoni, kichwa alichokinyoa bado hakijaota nywele.

"Mnapiga kelele," alisema. "Mimi je? Mama, jiwe ulikuwa nalo mkononi. Pigo moja tu. Ningejua u hai. Nimekulilia, nimezaa nikiwa matangani, nimempa mwanangu jina la marehemu aliye hai. Ulimtunza Mfalme. Mimi ulinitunza?"

Kunegunda alifungua mdomo. Ukafunguka tu, kama kule mlimani siku ile ya nne.

Mzee Kahamba, aliyebebwa na watu wawili, akainua fimbo. "Na mimi niseme, ingawa si wa kwenu. Mahubiri yenu yanapenya kuta, nimeyasikia miaka mingi bila kutaka. Si mlisema Mfalme wenu ukimbeba mtu mnyonge, umembeba Yeye? Mwalimu alinibeba mimi niliyemcheka. Basi aliyembeba Mfalme kwanza ni nani?"

"Usinisemee, mzee," Mwalimu akasema, uso chini. "Niliambiwa nisimwache, nikamwacha. Na huyu mama nilimwacha kabla ya hapo, katika karatasi yangu. Siwezi kushika mlango huo."

"Angalau wewe ulichagua mtu!" mwanamume mmoja akadakia. "Ksaveri alikwenda kufuata kisanduku. Mama wa watu alimkuta kwa bahati."

"Kwa bahati?" mke mkubwa wa Ksaveri akauliza kwa ukali. "Nani kati yenu aliangusha mti? Wote mlikuwa mnasali. Mume wangu, mnayemkalisha nje kama mbwa, ndiye aliyewaletea Mfalme wenu na mtu wenu. Na sisi alituacha kwenye matope siku kumi na tano, na ninasema hivyohivyo: mlango ni wake!"

Watu wakageuka kumtafuta Ksaveri. Hakuwamo katika umati. Alikuwa amekwisha kuzunguka nyuma ya kanisa jipya na kigoda chake, amekaa, anautazama ukuta wa majani kama anatafuta mahali pa kuweka jicho.

Kelele zikapanda. Huyu anasema hivi, yule anasema vile. Kunegunda alisimama katikati yao, watu wanamgusa huku na huku, kila mmoja sasa analijua jina lake. Ajabu ni kwamba hakuwahi kujiona mpweke namna ile, hata siku moja, kule mlimani. Alikitafuta kile kimya chao wawili, asikipate. Akamtazama binti yake. Akautazama mlango.

Padri Gotfridi alisimama palepale mlangoni. Mikono yake ya kizee ilikuwa imeanza kuchoka, na mawingu yalikuwa yanashuka.

Nami niliyoyajua yameishia hapo, jamani. Yuko Mwalimu, aliyemwacha Mfalme ili ambebe mtu, kisha akafunga na kusali akiwa mbali. Yuko Kunegunda, aliyemtunza Mfalme kwa kimya, na kwa kimya hichohicho akamvunja moyo mwanawe. Yuko Ksaveri, asiyeruhusiwa kuingia, aliyemtoa. Mlango bado umefungwa na Mfalme anangoja nje.

Je, ninyi mnaonisikia, mngemwambia nani aufungue?